Mchoro wa Nyumba Utazamwe, Usibadilishwe: Namna ya Kutuma Faili za Ramani kwa Usalama

Zamani ramani ya nyumba ilikuwa karatasi. Mbunifu majengo aliichora kwa wino juu ya karatasi angavu, na aliyetaka kusogeza ukuta baadaye alilazimika kukwangua wino kwa wembe, akaacha kovu ambalo jicho la mkaguzi lililitambua. Leo ramani hiyo hiyo ni faili ndani ya kompyuta. Hutumwa kwa WhatsApp, hubebwa katika simu janja ya fundi, huchapishwa katika steshenari yoyote ya mjini. Ukuta wake unaweza kusogezwa kwa dakika moja, na hapabaki kovu lolote.

Urahisi huo umewasaidia wananchi wengi wanaojenga. Vilevile umeleta mkanganyiko: ramani iliyogongwa muhuri wa Halmashauri inakuwa moja, iliyo mkononi mwa fundi inakuwa nyingine, na aliyo nayo mbunifu inakuwa ya tatu, ilhali zote zina jina lile lile na namba ile ile ya usajili. Somo hili linaeleza namna mbunifu, mwenye nyumba na fundi wanavyoweza kushirikishana michoro ili kila mmoja aione yote anayohitaji kuiona, pasipo yeyote kuibadilisha bila idhini.

Faili mbili zenye sura moja

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba mchoro mmoja huweza kuwa katika faili za aina mbili ambazo kwa macho zinafanana, lakini kwa kazi zinatofautiana sana.

Aina ya kwanza ni faili asilia ya kazi. Wabunifu wengi hutumia programu ya AutoCAD, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, ambayo huhifadhi michoro katika faili za DWG. Wengine hutumia ArchiCAD au Revit, zenye faili za aina zake. Ndani ya faili hizi kila ukuta, mlango na nguzo ni kitu hai: aliye na programu anaweza kukishika, kukivuta, kukifuta au kukiongeza.

Aina ya pili ni nakala ya kutazama, na iliyoenea zaidi ni PDF. Kampuni ya Adobe iliitambulisha PDF mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 32000. Lengo lake ni kuufanya ukurasa uonekane vilevile katika kila kifaa. Tofauti kati ya aina hizi mbili ni kama ile iliyopo kati ya unga uliokandwa na mkate uliokwisha kuokwa: unga bado waweza kufinyangwa upendavyo, mkate ni wa kukata na kula.

Wapo wanaodhani kuwa kupewa DWG ni kupewa ramani iliyo kamili zaidi. Kwa mwenye nyumba, mara nyingi ni kinyume chake. Simu nyingi haziwezi kuifungua. Ikifunguliwa katika kompyuta isiyo na mwandiko uliotumika, maandishi hubadilika sura na vipimo huweza kubanana. Ikiwa mbunifu aliambatisha faili nyingine ndani yake na hizo hazikutumwa pamoja, sehemu ya mchoro haitaonekana kabisa, na mtazamaji huenda asijue kuwa kuna kilichopungua. PDF huondoa matatisho hayo yote kwa pamoja.

Mita moja ya sebule

Uchukuliwe mfano wa familia inayotaka kujenga nyumba ya vyumba vitatu. Mbunifu amekamilisha michoro, mhandisi amekokotoa nguzo na nondo, na Halmashauri imetoa kibali cha ujenzi. Baba mwenye nyumba anaomba atumiwe “ramani yote”, naye mbunifu, kwa kuamini, anamtumia DWG. Baba anaipeleka kwa fundi. Fundi anaiona sebule kuwa ndogo, anampa kijana wa steshenari anayeijua programu, na ukuta unasogezwa mita moja. Hakuna aliyekusudia uovu. Ramani mpya inachapishwa, na pembeni bado lipo jina la mbunifu ambaye hana habari.

Tatizo ni kwamba juu ya ukuta ule palikuwa na boriti ya zege, ambayo mafundi huiita bimu, yenye urefu wa mita 4 kati ya nguzo na nguzo. Sasa ina mita 5. Urefu umeongezeka kwa asilimia 25 tu, lakini nguvu inayotaka kuipinda boriti ya kawaida iliyokalia nguzo mbili, yenye uzito uliosambaa sawasawa, huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu. Kwa hiyo imeongezeka kwa takribani asilimia 56. Kubonyea kwake katikati huongezeka kwa kipeo cha nne, yaani mara mbili na zaidi. Nondo zimebaki zile zile zilizokokotolewa kwa mita 4, kwa sababu aliyesogeza mstari hakuwa na jedwali la mhandisi mbele yake.

Ukuta huo ukiwa wa nje, lipo jambo la pili: nyumba imesogea mita moja kuelekea mpaka wa jirani au hifadhi ya barabara. Mkaguzi wa Halmashauri anapofika eneo la ujenzi hukagua kwa kutumia michoro iliyoidhinishwa. Akikuta jengo halilingani nayo, ujenzi husimamishwa, na alama nyekundu ya X huweza kuandikwa ukutani. Gharama ya kubomoa na kurudia humwangukia mwenye nyumba, ambaye wakati wote aliamini kwamba anajenga kwa ramani yenye kibali.

Fundisho kutoka Kansas City

Hatari ya mstari kubadilishwa bila hesabu kurudiwa si ya kufikirika. Mfano unaofundishwa katika vyuo vingi vya uhandisi duniani ulitokea Marekani, zama ambazo michoro ilikuwa bado ya karatasi.

Tarehe 17 Julai 1981, madaraja mawili ya ndani ya waenda kwa miguu katika hoteli ya Hyatt Regency, jijini Kansas City, yaliporomoka juu ya umati uliokuwa ukumbini. Watu 114 walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mchoro wa awali ulionesha fito ndefu za chuma zikishuka kutoka darini, zikipenya daraja la ghorofa ya nne na kuendelea hadi daraja la ghorofa ya pili lililokuwa chini yake. Katika michoro ya utengenezaji wa vyuma, kila fito ikageuzwa kuwa mbili: moja ikitoka darini hadi daraja la juu, nyingine ikining’inia kutoka daraja la juu hadi la chini.

Kwenye karatasi lilikuwa badiliko dogo lenye kurahisisha kazi ya karakana. Kwa uzito, lilikuwa kubwa: maungio ya daraja la juu, ambayo yalipaswa kubeba daraja lao pekee, sasa yalibeba yote mawili. Uchunguzi ulibaini kwamba hata ubunifu wa awali haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za jiji hilo, na badiliko likauzidishia udhaifu huo mara mbili. Wahandisi ambao muhuri wao uligongwa kwenye michoro iliyobadilishwa walipoteza leseni zao.

Nyumba ya vyumba vitatu si hoteli, lakini kanuni ni moja. Kila mstari wa ramani una hesabu nyuma yake. Anayeugusa mstari ameigusa hesabu, hata kama hakuiona.

Hatua za kufuata wakati wa kutuma michoro

Hatua zifuatazo zinapendekezwa kwa wabunifu, wahandisi na wananchi wanaopokea michoro yao.

1. *Itumwe PDF badala ya faili asilia.* Programu zote kuu za usanifu zina uwezo wa kutoa PDF. Iwapo programu inauliza kama itunze matabaka ya mchoro, inafaa matabaka yaunganishwe kuwa moja ili mpokeaji asiweze kuficha baadhi yake kwa bahati mbaya.

2. *Iandikwe hadhi ya mchoro.* Kila ukurasa uoneshe kwa herufi kubwa kama ni “RASIMU”, “KWA AJILI YA KIBALI” au “KWA AJILI YA UJENZI”. Mafundi wengi wamejenga kwa rasimu kwa sababu tu haikuandikwa kuwa ni rasimu.

3. *Iwekwe namba ya toleo na tarehe.* Kisanduku cha maelezo pembeni mwa mchoro kiwe na jedwali dogo la matoleo: toleo A la tarehe fulani, toleo B la tarehe fulani, pamoja na kilichobadilika. Jina la faili nalo libebe namba hiyo. Faili iitwayo “ramani mpya ya mwisho kabisa” haimsaidii mtu yeyote.

4. *Iwekwe nywila ya kuzuia marekebisho.* PDF inaweza kuwa na nywila za aina mbili: ya kufungua faili, na ya kuruhusu kuhariri au kunakili. Kwa michoro ya ujenzi, ya pili ndiyo inayofaa zaidi, kwani fundi ataifungua bila usumbufu ila hataibadilisha kwa urahisi.

5. *Itumwe kama hati, si kama picha.* Katika WhatsApp, mchoro uliotumwa kama picha hupunguzwa ubora, na tarakimu ndogo za vipimo huweza kusomeka vibaya. Ukitumwa kama hati, hufika kama ulivyotoka.

6. *Kiungo kiwe cha kutazama pekee.* Anayehifadhi michoro mtandaoni, kwa mfano katika Google Drive, huchagua mpokeaji awe mtazamaji, mtoa maoni au mhariri. Mwenye nyumba na fundi wapewe nafasi ya mtazamaji au mtoa maoni. Kiungo kiwe kwa watu waliotajwa, si kwa kila mwenye kiungo. Faida nyingine ni kwamba mbunifu akiweka toleo jipya mahali pale pale, wote huliona hilo jipya.

7. *Vipimo vilivyoandikwa ndivyo vifuatwe.* Faili isiyoguswa na mtu bado inaweza kubadilika wakati wa kuchapishwa. Mchoro wa kipimo cha 1:100 uliotayarishwa kwa karatasi ya A1, ukichapishwa kwenye A3, hupungua nusu kwa urefu na upana na kuwa 1:200. Fundi anayepima kwa rula atajenga chumba cha nusu ya urefu uliokusudiwa, au atatambua kosa akiwa amekwisha kuchimba msingi. Kwa hiyo mbunifu achore mstari wa kipimo ndani ya ukurasa, na fundi afuate tarakimu zilizoandikwa.

Kufuli ina mipaka yake

Mwananchi hapaswi kudhani kwamba PDF yenye nywila ni sanduku la chuma. Nywila ya kuzuia marekebisho hutegemea programu inayofungua faili kuiheshimu, na zipo programu zisizoiheshimu. Aidha, PDF iliyotolewa moja kwa moja kutoka programu ya usanifu hubeba mistari halisi, na matoleo ya AutoCAD ya tangu mwaka 2017 yanaweza kuirudisha mistari hiyo ndani ya mchoro unaoharirika. Baadhi ya wabunifu hugeuza kila ukurasa kuwa picha tupu kabla ya kutengeneza PDF. Hiyo husaidia, ila mwenye nia anaweza kuchora upya juu ya picha hiyo.

Kwa sababu hiyo, pamoja na kufuli, unahitajika ushahidi. Kufuli humzuia mtu asiyekusudia ubaya. Ushahidi humfichua aliyekusudia. Njia za ushahidi ni tatu.

Ya kwanza ni saini ya kidijitali. Hii si picha ya saini iliyobandikwa juu ya mchoro, kwa maana picha inaweza kunakiliwa na kubandikwa popote. Saini ya kidijitali huifunga faili nzima kwa hesabu, na mchoro ukiguswa baada ya kutiwa saini, programu ya kusomea humwonesha msomaji kwamba umebadilishwa.

Ya pili ni alama ya utambulisho wa faili, ambayo inaweza kufananishwa na alama ya kidole. Programu hukokotoa kutoka kwenye faili yote mfuatano wa herufi na tarakimu. Kwa njia inayotumika sana, SHA-256, mfuatano huo huwa na herufi na tarakimu 64. Mstari mmoja ukisogezwa, mfuatano hubadilika. Mbunifu akiuandika mfuatano huo katika barua anayomkabidhi mteja, mabishano ya baadaye kuhusu faili ipi ilikuwa halali huisha mara moja.

Ya tatu, na iliyo karibu zaidi na kila mwananchi, ni nakala yenye muhuri wa Halmashauri. Mfumo uwe wa karatasi au wa kielektroniki, mchoro ulioidhinishwa pamoja na kibali ndio unaotawala. Faili nyingine yoyote, hata iwe nzuri namna gani, ikipingana na huo haina nguvu.

Anayehitaji faili asilia kwa haki

Zipo nyakati ambapo faili asilia ni lazima itolewe. Mhandisi hawezi kupanga nguzo bila kujua kuta zilipo. Katika hali hiyo, utaratibu mwema ni mhandisi kuiambatisha ramani ya mbunifu kama rejea ndani ya faili yake mwenyewe, kisha kuchora nguzo juu yake. Anaiona ramani, anaifuata, lakini haigusi. Akiona ukuta usiowezekana, humwandikia mbunifu, naye mbunifu ndiye hubadilisha.

Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa taarifa za majengo, ISO 19650, kilichoanza kutolewa mwaka 2018, kimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Taarifa hupita katika hali nne: inayofanyiwa kazi, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa na iliyohifadhiwa katika kumbukumbu. Ikisha kushirikishwa, wengine huisoma na kutoa maoni. Marekebisho hurudi kwa aliyeiandaa. Miradi mikubwa hutumia mifumo ya gharama kutekeleza hayo. Mradi wa nyumba moja unaweza kuyatekeleza kwa makabrasha manne ndani ya kompyuta ya mbunifu.

Mwenye nyumba akitaka mabadiliko

Kuzuia faili isihaririwe si kumnyima mwenye nyumba sauti. Nyumba ni yake, na ana haki ya kubadili mawazo. Anachotakiwa ni kupita mlango ulio sahihi. Aandike au achore maoni yake juu ya nakala iliyochapishwa, au atumie nafasi ya mtoa maoni mtandaoni, na kuyarejesha kwa mbunifu. Mbunifu atarekebisha, mhandisi atarudia hesabu panapohitajika, na toleo jipya litapewa namba mpya. Ikiwa kibali kilikwisha kutolewa, toleo hilo huwasilishwa Halmashauri kabla ya tofali la kwanza la mabadiliko kuwekwa.

Suala la nani atakuwa na faili asilia liamuliwe mwanzoni, katika mkataba wa maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja kazi za usanifu majengo miongoni mwa kazi zinazolindwa, na kulipia michoro ya nyumba moja si lazima kuwe ni kununua haki ya kuibadilisha au kuitumia kwa nyumba nyingine. Kwa upande mwingine, mwananchi aliyelipa anastahili kulindwa endapo mbunifu atahama au hatapatikana. Mkataba unaweza kueleza kwamba atakabidhiwa PDF kamili zenye muhuri, na kwamba faili asilia itatolewa kwa masharti yatakayotajwa.

Ikumbukwe pia kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaitambua kughushi kwa njia ya kompyuta kuwa kosa. Kubadilisha mchoro kwa makusudi na kuuwasilisha kana kwamba ni ule alioutia muhuri mtaalamu si utani wa steshenari.

Maswali matano kabla ya kuchimba msingi

Mwananchi anayekaribia kuanza ujenzi anashauriwa kukaa na fundi wake na kujibu maswali haya mbele ya mchoro:

– Je, mchoro ulio mkononi mwa fundi una namba ya toleo na tarehe sawa na ule wenye muhuri wa kibali?
– Je, umeandikwa kuwa ni kwa ajili ya ujenzi, na si rasimu?
– Je, umechapishwa kwenye karatasi ya ukubwa uliokusudiwa, na mstari wa kipimo unalingana?
– Je, michoro ya mbunifu na ya mhandisi inakubaliana mahali pa kuta na nguzo?
– Je, kuna badiliko lolote lililokubaliwa kwa mdomo ambalo bado halijachorwa na kuidhinishwa?

Jibu la swali la mwisho likiwa “ndiyo”, au la mojawapo ya mengine likiwa “hapana”, jembe lisubiri. Siku chache za kusubiri ni nafuu kuliko ukuta wa kubomoa.

Mwananchi mwenye shaka kuhusu ramani aliyo nayo afike katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata yake akiwa na kibali na nakala ya mchoro, ili aelekezwe kwa wataalamu wa mipango miji na ujenzi wa Halmashauri wailinganishe na kumbukumbu zilizopo.